Mjomba, Baba na Bomba la Songo Songo

Nilitaka kuandika riwaya. Nakiri mapema ili msomaji asije akanishika uongo katikati. Riwaya yenyewe ilikuwa na mhusika mmoja mwovu, naye hakuwa binadamu. Alikuwa bomba la chuma lililolala ardhini kuanzia pwani ya Kilwa hadi Ubungo, Dar es Salaam, linanyonya Kusini na kulisha Jiji. Nilijaza sura tatu katika daftari kubwa. Sura ya nne ikagoma kabisa. Rafiki yangu mmoja, mwandishi mchanga kama mimi, alizisoma zote tatu, akanirudishia daftari na kusema, "Bwana, huyu adui yako humjui. Umemrushia mawe tu."

Nikanuna siku mbili. Siku ya tatu nikamwendea baba.

Baba ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ukipita uchochoroni kwetu Ubungo utamwona na miwani yake myeusi, anaunga madirisha na mageti ya watu. Lakini mwaka 2003, nikiwa bado nanyonya kidole, alipata kibarua cha msaidizi wa mafundi katika ujenzi wa bomba lile. Yeye ni mtu wa Rufiji, na bomba lilikuwa linapita kwao. Kwa miezi kadhaa alikula, akalipa kodi ya chumba na kuninunulia maziwa kwa fedha ya bomba. Kwa hiyo baba halisemi vibaya hata kidogo.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mtu wa Mtwara. Naye hasemi neno jema hata moja juu ya gesi. Kwa miaka kumi na kitu watu hawa wawili, ambao zamani walikuwa shemeji wa kutaniana na kukopeshana nauli, hawakukaa mkeka mmoja. Mama alikuwa anapeleka salamu huku na kuleta huku kama posta. Sasa mimi mtoto wao nifanyeje? Nikaona afadhali niache riwaya kwanza, nitafute habari yenyewe ilivyoanza.

Ilianza mwaka 1974. Ukumbuke miezi michache kabla ya hapo, mwishoni mwa 1973, bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla hadi kufikia mara nne ya ilivyokuwa. Nchi changa zisizo na mafuta zilishikwa pabaya, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Serikali ilikuwa imekwisha kuunda Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, mwaka 1969. Kampuni ya Kiitaliano ya AGIP ilikuwa inachimba pwani kutafuta mafuta. Walipotoboa katika kisiwa cha Songo Songo, kwenye bahari ya Kilwa, kilichotoka ni gesi. Wataliano wakapiga hesabu wakaona hailipi. Gesi si kitu cha kupakia ndoo. Mafuta unaweza kuyatia kwenye meli yakaenda popote, gesi inataka bomba, na mwisho wa bomba awepo mtu wa kuinunua. Kilwa ya 1974 ilikuwa na nani wa kununua? Wavuvi, wakulima wa mnazi na ufuta, na magofu ya misikiti.

Hapo nitoke nje ya mada kidogo. Kilwa imezoea kupitiwa na mali. Dhahabu ya Sofala ilipita Kilwa Kisiwani ikielekea Uarabuni na Bara Hindi, na Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji wa fahari. Baadaye Kilwa Kivinje ilipitiwa na misafara ya watumwa na pembe. Mjomba akianza kuzungumza juu ya gesi huanzia huko, na mtu asiyejua atadhani amepotea njia. Hajapotea.

Basi Wataliano walipoachia, TPDC haikuachia. Iliendelea kuchimba, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 Songo Songo na maji yake kulikuwa na visima tisa. Si vyote vilikuwa na heri, lakini vitano ndivyo vilivyokuja kutoa gesi miaka mingi baadaye. Mwaka 1982 AGIP walipata gesi nyingine kusini zaidi, Mnazi Bay, mkoani Mtwara. Nayo ikafungwa mdomo na kuachwa chini.

Kulikuwa na ndoto moja kubwa wakati huo: kiwanda cha mbolea Kilwa. Kampuni ikaundwa, ikapewa jina KILAMCO, mshirika akapatikana kutoka Marekani. Gesi ingegeuzwa amonia, ikauzwa nje. Wazee wa Kilwa Masoko wanalitaja jina hilo mpaka leo kama mtu anavyomtaja mchumba aliyeahidi kurudi. Mbolea haikutoka. Bei ya soko la dunia haikuwa rafiki, wenye mitaji wakasita, miaka ya 1980 ikaisha. Nimekaa nikawaza, kiwanda kile kingejengwa, gesi ya kwanza ya nchi hii ingetumika kule kule ilikozaliwa. Historia yote ninayoisimulia hapa ingekuwa nyingine, na pengine mjomba na baba wangekuwa wanacheza bao pamoja.

Kilichoiamsha gesi ni giza. Vijana wa umri wangu tunaujua mgao wa umeme wa siku za karibuni, lakini wakubwa wetu wanausimulia ule wa 1992 na 1994. Nchi ilikuwa inategemea maji: Kidatu, Mtera, Hale. Mvua zikakataa, bwawa la Mtera likakauka, Dar es Salaam ikawa inawaka kwa zamu. Serikali ikaleta mitambo ya dharura pale Ubungo, mitambo iliyokuwa ikichoma mafuta ya ndege. Hebu fikiria, kijana mwenzangu: nchi maskini inachoma mafuta ya ndege ili watu wapige pasi, na kilomita mia mbili na kitu kusini gesi yake yenyewe imelala bure. Mtu yeyote mwenye akili angeuliza kwa nini wasivute bomba.

Waliuliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitafuta mwekezaji, na walioshinda walikuwa kampuni mbili za Kanada, Ocelot na TransCanada. Ocelot walijua visima, TransCanada walijua mabomba. Ndipo ikazaliwa Songas, kampuni ambayo ingemiliki mtambo wa kusafishia gesi kisiwani, bomba la kuileta, na mitambo ya umeme ya Ubungo. Mpango ulikuwa rahisi kwenye karatasi: kabla ya karne kuisha, gesi iwe Ubungo.

Sasa hapa ndipo penye kasheshe, na ndipo sura ya nne ya riwaya yangu ingepaswa kuwa, laiti ningejua.

Mwezi Mei 1995, huku mambo ya Songo Songo yakiendelea kujadiliwa, serikali ikasaini mkataba mwingine na kampuni ya IPTL, iliyokuwa na wabia wa Malaysia, wajenge mtambo wa megawati 100 Tegeta. Mtambo wa kuchoma mafuta mazito, ya kuagiza nje. Mradi mmoja wa kutuondoa kwenye mafuta ya kununua, mwingine wa kuturudisha huko huko, na mnunuzi wa umeme wa yote miwili ni mmoja, TANESCO. Benki ya Dunia, ambayo ndiyo ilikuwa itoe fedha nyingi za Songo Songo, ikasema haiwezekani: nchi haiwezi kulipia vyote, kwanza maneno ya IPTL yaishe. Maneno hayakuisha. Serikali ikalalamika kuwa mitambo iliyoletwa si ile iliyoandikwa, gharama ikabishaniwa, kesi ikapelekwa kwenye usuluhishi wa kimataifa. Ikasikilizwa miaka. IPTL ilianza kuzalisha umeme Januari 2002. Na wote tunajua kwamba haikuishia hapo, maana mwaka 2014 jina hilo hilo lilirudi Bungeni na sakata la akaunti ya Escrow.

Muda wote huo Songo Songo ilikaa kwenye foleni. Fedha ambazo wawekezaji walikuwa wamekwisha kuzitia zilikuwa zinahesabiwa riba, na riba ya mradi uliosimama haisimami. Wakanada wakachoka. Mwaka 1999 kampuni ya Kimarekani AES ikaingia na kushika usukani. Tabia hii ya bomba kubadilisha baba kabla hata halijazaliwa ilinishangaza nilipoisoma mara ya kwanza. Mikataba yote ikasainiwa Oktoba 2001, miaka kumi tangu wazo lianze kutafutiwa mtu. Mwaka 2003, bomba likiwa bado linajengwa, AES nao wakauza, akaja Globeleq, kampuni iliyotokana na shirika la maendeleo la Waingereza, CDC. Kwa hiyo baba yangu alipokuwa anashika grainda pale Rufiji, waliokuwa wanamiliki chuma alichokisugua walibadilika bila yeye kujua. Nilipomwambia alicheka. "Sisi tulimjua nyapara tu," akasema.

Nikamwambia basi nieleze kazi. Hapo baba aling'aa, msomaji. Alichukua kipande cha chaki akachora sakafuni.

Gesi inatoka visimani kisiwani na baharini, inaingia kwenye mtambo wa Songo Songo. Pale inakaushwa, maana gesi ya kisimani inakuja na maji na majimaji mengine, na maji ndani ya chuma ni kutu na kuziba. Kuna bahati katika gesi ile: ni safi, karibu yote ni methani, haina salfa ya kusumbua. Ikishakauka inapita bomba la inchi 12, kilomita 25 chini ya bahari, mpaka inapopanda nchi kavu Somanga Funga. Kutoka hapo linakuwa la inchi 16, kilomita 207, linavuka Mto Rufiji, linapita Mkuranga, linaingia Dar es Salaam kwa kusini, mpaka Ubungo. Kipande kingine chembamba zaidi kinaendelea hadi Wazo Hill kwenye kiwanda cha saruji. Wala hakuna anayeisukuma, baba alisema. Ilitoka ardhini na nguvu zake. Mgandamizo wa kisima ndio uliokuwa unaileta mpaka mjini.

"Piga hesabu wewe uliyesoma," akaniambia. "Bomba moja tuseme lina mita kumi na mbili. Kilomita mia mbili na saba, viungo vingapi?"

Nikapiga. Zaidi ya elfu kumi na saba.

"Na kila kiungo kinapigwa picha kama mgonjwa wa kifua. Kikionekana na tundu, hata la ncha ya sindano, kinakatwa. Fundi anaanza upya." Kisha linavikwa ngozi ya kuzuia kutu, linashushwa mtaroni, linafukiwa. Ardhi juu yake inaitwa mkuza. Hujengi nyumba, hupandi mti wa mizizi mirefu. Watu walihamishwa kupisha mkuza, minazi na miembe ikahesabiwa mmoja mmoja na kulipiwa fidia. Baba alikumbuka mzee mmoja wa kijiji cha jirani na kwao aliyekuwa anakuja kila asubuhi kukaa kwenye gogo la mwembe wake uliokatwa, anawatazama wakichomelea. Hakuwa anagomba, wala hakuomba kitu. Alikuwa anawapa madafu. Siku mtaro ulipofukiwa aliuliza, "Basi imekwisha? Haitaonekana tena?" Wakamwambia haitaonekana. Akaondoka.

Mzee huyo sikuwa naye katika sura zangu tatu. Nilikuwa na watu wenye bunduki.

Nchi yenyewe ya kusini ilikuwa ngumu kufikika siku hizo. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 huo huo. Kabla ya hapo kulikuwa na pantoni ya Ndundu, ikiharibika mnalala ukingoni na mbu. Mama anasema kwenda kwao Mtwara wakati wa masika ilikuwa ni kuaga kama anayekwenda hija.

Gesi ilifika Ubungo Julai 2004. Mitambo iliyokuwa inakunywa mafuta ya ndege ikabadilishwa iwe ya gesi, ikaongezwa mingine, hata Songas ikawa na mitambo sita yenye karibu megawati 180. Tangu kuvumbuliwa mpaka kuwasha taa: miaka 30.

Sasa niseme jinsi kampuni ilivyokuwa imefungwa, maana hapa ndipo wengi tunapopotea tukibishana kijiweni. Wengine husema Songas ni ya wazungu, wengine ni ya serikali. Zote mbili zina ukweli. Globeleq wakawa na zaidi ya nusu ya hisa, zilizobaki zikawa za TPDC, TANESCO na mfuko wa fedha za maendeleo wa TDFL. Lakini fedha nyingi za kujengea hazikutoka mfukoni mwa mwekezaji. Benki ya Dunia, kupitia mfuko wake wa IDA, ilitoa mkopo wa dola milioni 183. Aliyekopa ni Serikali ya Tanzania, nayo ikaikopesha Songas. Yaani mimi na wewe na yule mzee wa madafu ndio tuliosimama dhamana.

Halafu kulikuwa na mkataba wa kuuza umeme, wa miaka 20. TANESCO haikuwa inalipa tu umeme iliotumia. Ilikuwa inalipa pia kwa kuwa mitambo ipo tayari, iwake isiwake. Ni kama umekodi bajaji kwa mwezi: hata ukilala ndani siku nzima, mwenye bajaji anakudai. Watu wengi walilalamikia malipo haya, na mimi nililalamika katika sura ya pili kwa kurasa nne. Lakini nikiwa mkweli, hakuna ambaye angefukia chuma cha mamilioni ya dola katika udongo wa nchi yenye mnunuzi mmoja tu asiyelipa kwa wakati bila kudai kitu kama hicho. Ubaya ninaouona mimi ni wa miaka iliyopotea, 1995 hadi 2001. Mtu anayejadiliana akiwa gizani anakubali bei yoyote ya mshumaa.

Kwa upande mwingine gesi ilipangwa vizuri kuliko nilivyodhani. Sehemu moja iliwekwa kando kwa bei ya chini kwa ajili ya mitambo ya Ubungo, saruji ya Wazo na umeme wa kijiji cha Songo Songo chenyewe. Iliyozidi ndiyo iliyouzwa kibiashara na PanAfrican Energy, kampuni iliyorithi upande wa visima kutoka kwa Ocelot, ikigawana mapato na TPDC. Viwanda vya Dar es Salaam vikaanza kujiunga: Kioo Limited wanaoyeyusha mchanga kuwa chupa, watengenezaji wa bia, viwanda vya nguo na mabati. Wote hao waliacha mafuta mazito ya tanuri, na kampuni ikakua mteja mmoja baada ya mwingine, chini ya barabara, bila tarumbeta.

Ukame ulirudi mwaka 2006. Safari hii gesi ilikuwapo, kwa hiyo kila mwenye mtambo wa kukodisha alitaka kuuchomeka kwenye bomba. Hapo ndipo ilipokuja Richmond, mkataba wa dharura uliomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Sina haja ya kuurudia, umeandikwa sana. Ninachotaka msomaji aone ni jambo dogo la kiufundi: mitambo iliongezeka, visima vilikuwa na gesi, ila mtambo wa kusafishia na bomba la inchi 16 vilikuwa na kikomo, kama futi za ujazo milioni 105 kwa siku. Likajaa. Koo likawa jembamba kuliko tumbo.

Na wakati huo huo, kuanzia 2010, gesi nyingine nyingi ikaanza kupatikana kwenye kina kirefu cha bahari mbele ya Mtwara na Lindi. Meli za utafiti, wageni hotelini, bei ya viwanja Mtwara ikapanda. Mjomba alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na simu. Akaongeza chumba, akanunua jenereta, akamwambia mama kwenye simu, "Sasa ni zamu yetu."

Kisha likatangazwa bomba la pili. Safari hii si la kampuni binafsi. Serikali yenyewe kupitia TPDC, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, dola zaidi ya bilioni moja, wajenzi Wachina. Bomba la inchi 36, kutoka Madimba, Mtwara, mpaka Kinyerezi, Dar es Salaam, pamoja na tawi la Songo Songo, jumla kilomita 542. Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi Kinyerezi Novemba 2012.

Mtwara hawakuelewa, au nisema walielewa vizuri sana. Desemba 2012 waliandamana. Januari 2013 kukawa na vurugu, nyumba za viongozi Masasi zikachomwa, watu wakafa, Waziri Mkuu Pinda akaenda kuzungumza nao. Wakatulia. Tarehe 22 Mei 2013 Waziri wa Nishati, Profesa Muhongo, alisoma bajeti yake Dodoma, na watu wa Mtwara wakasikia kwamba bomba liko pale pale. Mji ukalipuka. Jeshi likaingia. Watu walikufa tena.

Kibanda cha mjomba kiliungua usiku huo. Nani alikichoma hakujua wakati ule na hajui leo. Redio za watu, simu za watu, jenereta, vyote. Mimi nilikuwa darasa la saba, nakumbuka mama amekaa kitandani na simu isiyopatikana. Ilipopatikana siku ya tatu, baba aliomba azungumze. Nadhani alitaka kumpa pole. Lakini baba ni fundi, akaanza kueleza: gesi lazima iende kwenye mitambo, umeme ukizalishwa unarudi kwenu kwa nyaya, bomba si wizi, shemeji. Nilisikia sauti ya mjomba ikitoka kwenye simu, kali na ndogo kama nzi kwenye chupa. Kisha kimya. Baba akaitazama simu, akamrudishia mama. Ndivyo miaka kumi ilivyoanza.

Nani alikuwa na haki? Nimeandika jibu nikafuta mara nyingi. Kiufundi baba alisema kweli. Gesi ya Mnazi Bay ilikuwa imeanza kuwasha umeme wa Mtwara na Lindi hata kabla ya bomba, na mji ule haukuwa na viwanda vya kuimaliza. Lakini watu hawakuwa wanabishania futi za ujazo. Walikuwa wanabishania miaka thelathini ya barabara mbovu, korosho ya mikopo na kiwanda cha mbolea kisichokuja, kisha wanaambiwa kitu kimoja walichonacho kitapita chini ya miguu yao kwenda mjini, kama kawaida. Aliyekwenda kuwaeleza alichelewa mno.

Bomba kubwa lilizinduliwa Oktoba 2015. Linaweza kubeba futi za ujazo milioni 784 kwa siku, karibu mara saba na nusu ya lile la kwanza, na miaka ya mwanzo lilibeba sehemu ndogo tu ya hiyo, huku deni likihesabika kama limejaa. La kwanza lilikuwa jembamba likajaa, la pili pana likapwaya. Kulisimamia ilikabidhiwa GASCO, kampuni tanzu ya TPDC, na vijana wa Kitanzania ndio wakaanza kukaa kwenye vyumba vya kuongozea. Baadhi ya waliofundishwa kazi walifundishwa na waliotoka Songas. Hiyo kwangu ndiyo sehemu ya historia isiyopigiwa ngoma: kampuni ya kwanza iliacha watu wanaojua kufungua na kufunga vali. Kiwanda cha saruji cha Dangote kikaja Mtwara, nacho baadaye kikaunganishwa na gesi.

Mwaka 2024 ile miaka 20 ya mkataba wa Songas na TANESCO ikatimia. Mwaka huo huo mitambo ya bwawa la Julius Nyerere, Rufiji kwa akina baba, yenye kufikia megawati 2,115 ikikamilika, ilianza kuingiza umeme gridi. Maji tena. Tumezunguka.

Sisi nyumbani tunapikia mkaa. Mama alisoma rasimu ya makala haya, akanirudishia na neno moja tu kalamu nyekundu pembeni ya aya ya bomba kuingia Ubungo: "Mkaa!" Nikaona niliweke.

Mjomba alikuja Dar mwaka jana kutibiwa macho. Ilibidi afikie kwetu, hana pengine. Nilimpokea kituoni. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mpwa wangu, umekuwa mrefu bure." Tukapanda bajaji. Bajaji zenyewe siku hizi nyingi zinatumia gesi, na yetu ilikuwa imekauka, dereva akaomba radhi, akaingia foleni ya kituo cha gesi ya magari. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali. Tulikaa karibu saa nzima. Mjomba akamgusa dereva begani, kijana tu, pengine mdogo kuliko mimi.

"Baba, hii gesi inatoka wapi?"

Dereva akageuka, akaonyesha kidole mbele. "Si pale, mzee? Pampu ya pili."

Nilidhani mjomba atawaka. Alicheka mpaka akavua miwani yake ya hospitali akajifuta machozi. Tulipofika nyumbani baba alikuwa uani na grainda, cheche zinaruka. Akazima mashine. Mjomba akasimama na kibegi chake, akasema, "Shemeji, njoo nikusimulie alichoniambia dereva wa bajaji."

Baba akavuta kigoda.